Nilicheza Wimbo wa Zamani wa Bakoki Wangu, Nikasema Ni Mpya

Nimekosa, tena kosa langu halijaisha. Wengine hukiri dhambi wakiwa wamekaa mahali salama, yote yamepita. Mimi naandika nikiwa bado ndani, kama panya aliyeingia kwa chupa ya mafuta akala akanenepa, sasa shingo ya chupa haimtoshi kutoka.

Mimi ni mtu nimejijenga. Shule niliacha darasa la tano. Nilianza nikichaji betri hapo Kachibora, watu wanabeba betri za redio kwa baiskeli, mimi nawachajia, wananiachia chochote walicho nacho. Leo nina lori. Nina jenereta. Nina mahema na viti, na spika ndefu kuliko mlango wa kanisa. Kutoka Myanga hadi Cherangany, mtu wa maana hakuwa anazikwa bila sauti yangu. Wasomi wakubwa wakitaka kusikika kwa matanga ya baba zao, walinipigia mimi simu. Mimi wa darasa la tano! Sijidai, huo ni ukweli tu.

Lakini akili ya kutafuta si akili ya kuishi na watu. Hilo nimejifunza nikiwa na mvi tayari.

Kuna mwanamume mmoja, hapa nitamwita Simiyu, jina lake lingine. Anaishi Bokoli, analima mahindi na miwa kidogo, lakini watu wanamjua kwa litungu, kile kinanda chetu cha nyuzi. Simiyu akigusa zile nyuzi, hata mzee aliyekataa kuongea na wanawe anaanza kutikisa kichwa.

Huyu ni bakoki wangu. Kwa wasiojua mambo yetu: tulitahiriwa msimu mmoja. Tulipakwa matope ya mto mmoja asubuhi moja, tukasimama bila kupepesa macho, watu wanatuangalia. Mtu kama huyo anapita ndugu. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, na wewe unacheka. Ukikasirika, watu watakushangaa wewe.

Salamu yetu kwa simu ilikuwa hivi.

"We spika mbovu, umekufa ama bado?"

"Bado, mlevi wa busaa. Nangoja nikuzike kwanza."

"Utanizika na nini? Jenereta yako inakohoa kuliko nyanya yangu!"

Halafu ndio tunaongea mambo.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mheshimiwa wetu, na usiniulize ni yupi maana waheshimiwa ni wengi, alikuja kwa mkutano Bungoma akiwa na mtu wa suti. Ati ni wakala wa kazi za ng'ambo. Maiki ilikuwa yangu, mimi mwenyewe ndiye nilimpa. Mheshimiwa akasema, "Vijana, kazi iko. Kulinda maghala, kuendesha malori. Mimi nimehakikisha kwa macho yangu. Nendeni mjijenge!" Watu wakapiga makofi. Na mimi nikaongeza sauti kidogo ili wa nyuma wasikie vizuri.

Vijana wakaenda. Huko walikofika hakukuwa na maghala. Walivalishwa nguo za jeshi, wakapewa bunduki, wakasukumwa mbele kwa vita vya watu wengine, vita ambavyo hata hawakujua nani alimkosea nani.

Mmoja wao alikuwa Barasa, mtoto wa mjane jirani ya Simiyu. Mwenzake alituma ujumbe wa sauti akilia, akasema Barasa ameanguka na hawakuruhusiwa kumrudia. Mwili haukuja. Mama yake alingoja, akangoja. Kila gari likipunguza mwendo hapo barabarani, anasimama.

Mwishowe wazee wakakaa wakaamua. Kwetu, mtu akifa na mwili ukose kupatikana, unakata mgomba, unaufunga kwa shuka, unauweka kwa jeneza na kuuzika kwa jina lake. Ndivyo roho inajua kwao ni wapi.

Mimi ndiye nilileta spika siku hiyo. Nimeona mazishi mpaka nimezoea, ninaweza kula mandazi karibu na jeneza. Lakini ile siku! Mgomba ulikuwa umekatwa asubuhi hiyo hiyo, maji yake yakaanza kutoka chini ya jeneza, kitambaa kikalowa. Mama Barasa akawa anapanguza na leso yake. Anapanguza, yanatoka tena. Hakuna mtu alithubutu kumwambia aache.

Hapo ndipo Simiyu alichukua litungu. Hakuwa ameandaa chochote. Aliimba kwa lugha yetu, lakini maneno yalikuwa kama haya:

Mheshimiwa, njoo usalimie mgomba,
uuambie ile kazi uliyouahidi ni ipi.
Mgomba haukujua kushika bunduki,
ulijua kushika jembe la mama yake.
Wakubwa wakikosana, wapigane wao kwa wao,
mbona wanakuja kukopa watoto Bokoli?

Wanaume wazima walilia. Na mimi nililia, Mungu ni shahidi. Lakini huku nalia, kichwa changu kilikuwa kinafikiri kitu kingine. Nilifikiri: huu wimbo utaenda mbali, na mimi nataka kuwa ndani yake.

Unajua wapigaji wetu wa litungu. Katikati ya wimbo wanasimama kidogo, wanamsalimu mtu fulani, tajiri fulani, mfadhili fulani. Jina lako likiingia kwa wimbo mzuri, hufi. Nilimwambia Simiyu aje Kitale, kwa chumba changu cha nyuma, nimrekodi kwa mitambo yangu. Sharti lilikuwa moja tu: jina langu liingie.

Alicheka mpaka akaweka litungu chini.

"Wewe una kichaa. Huu ni wimbo wa kilio. Nikuweke wapi, kati ya mama na jeneza?"

"Popote. Hata mwanzo."

"Jina lako lina tumbo kubwa, litajaza wimbo wote."

"We imba tu, maskini wewe. Bila mimi nani atakusikia?"

Akaacha kucheka. Akasema, "Sawa. Nitakuweka. Lakini usije siku moja ukaniambia nikutoe. Wimbo si kiti cha kukodisha, ati jioni unarudishwa kwa lori."

Nikamwambia aache maneno mengi.

Bana, ule wimbo ulitembea! Uliingia kwa simu za watu, uliingia kwa bodaboda, mama mboga pale sokoni Kitale wanauimba wakipanga sukuma wiki. Na jina langu liko pale pale, baada ya ubeti wa kwanza: nasalimu fulani wa Kitale, mwenye sauti inayofika mlimani. Nilitembea kifua mbele. Vijana wananiita, "Niaje, mtetezi!" Na mimi nainua mkono kama mtu aliyefanya jambo. Hata nilianza kusema "wimbo wetu". Wetu!

Sikuwa nimetetea mtu. Nilikuwa nimesalimiwa tu.

Halafu lori langu likashikwa. Polisi walisema ni mambo ya kibali, ingawa kibali nilikuwa nacho. Likawekwa kituoni, spika zote zikiwa ndani. Nikiwa bado nazunguka hapo nje nikitafuta mtu wa kuongea naye, akaja msaidizi wa mheshimiwa, yule wanamwita PA. Kijana mpole, anaongea kama mchungaji.

"Mzee, pole kwa lori."

"Asante. Hata sijui kosa langu."

"Ule wimbo wa mgomba ni wa nani?"

"Ni wa Simiyu. Mimi nilirekodi tu, ni kazi."

"Lakini unakusalimu wewe. Mtu husalimiwa kwa nyumba ambayo si yake?"

Nikatazama lori langu ndani ya uzio.

"Mheshimiwa hana shida na msanii," akasema. "Msanii ni ndege, ataimba popote. Shida ni mwenye mti. Sasa yeye anaomba kitu kidogo. Jumamosi ana mkutano Kitale. Anataka kusikia ndege yule yule akiimba vizuri. Lori litatoka, na mambo yaishe kama watu wa nyumba moja."

Nilipanda bodaboda moja kwa moja mpaka Bokoli. Nilimkuta Simiyu anapukuchua mahindi, na Mama Barasa ameketi kando akimsaidia. Nilimweleza yote. Nilimbembeleza. Wimbo mmoja tu, mfupi, hata asitaje vita!

"Ng'o," akasema.

"Simiyu, wataniua njaa."

"Wewe? Hilo tumbo litakufa njaa mwaka gani?"

"Sitanii."

"Na mimi sitanii. Mimi nimemuuliza swali. Sasa ni zamu yake kujibu. Mbona niimbe tena kabla hajajibu?"

Mama Barasa hakuinua macho kutoka kwa mahindi. Alisema polepole, "Baba, usimsumbue. Kwa lile kaburi kuna mgomba. Kwa wimbo ndiko mtoto wangu yuko."

Maneno kama hayo yangemtosha mtu mwenye utu. Simiyu alinisindikiza mpaka barabarani, akanitukana kama kawaida, "Nenda, spika bila waya wewe, utapata njia." Alikuwa bado ananipenda. Hicho ndicho kinaniuma.

Na kweli, njia niliipata! Shetani hakulala.

Mimi sifuti kitu. Kila nilichowahi kurekodi kiko kwa chumba changu cha nyuma, na nilikuwa najivunia hilo kwa watu. Nikakumbuka kwamba zamani, mheshimiwa akiwa bado anatafuta kiti, alikuja Myanga kwa harambee, na Simiyu alimwimbia. Wakati huo sote tulimwamini. Simiyu alimwita baba wa wanyonge, mkono usiokunja vidole, mlinzi wa watoto wetu. Ndiyo! Mlinzi wa watoto wetu. Maneno hasa aliyoyataka mheshimiwa sasa.

Nilitafuta, nikapata. Kulikuwa na mahali anaimba "ukishinda, utukumbuke". Hapo ndipo mtu angejua ni wimbo wa zamani. Nikakata hapo. Nilikata "ukishinda" vizuri kabisa, nikaunganisha, hata fundi wa redio asingesikia. Nilipomaliza, nilijipongeza. Nilijiambia, wasomi wana digrii, mimi nina akili.

PA nilimwambia wimbo uko, wakaliachilia lori, na Jumamosi lilikuwa uwanjani. Nikapanda jukwaa, nikashika maiki yangu mwenyewe. Nikasema hivi, na sitasahau:

"Wananchi wa Trans-Nzoia na Bungoma! Bakoki wangu Simiyu amefikiria, ameona ukweli. Amemtungia mheshimiwa wimbo mpya. Leo ana homa, hakuweza kufika, lakini sauti yake hii hapa!"

Nikaachilia.

Mheshimiwa alicheza, akainua kofia. PA akanipiga bega. Watu wengine walipiga makofi, wengine walitazamana tu. Nilimwona mwanamke mmoja akifunga leso na kuondoka, mgongo wake umenyooka. Simu zilikuwa juu, zote zinarekodi. Kabla sijamaliza kukunja waya, Bokoli walikuwa wameshasikia.

Yaliyofuata nilielezwa na watu, maana mimi sikuwa na miguu ya kwenda. Mama Barasa alienda kwa Simiyu mbele ya watu. Hakupiga kelele. Alisema, "Barasa wamemuuza mara mbili. Mara ya kwanza sikumjua muuzaji."

Simiyu akaapa. Akasema wimbo ni wa zamani, wa Myanga, wa kabla ya hao watoto kuota ndevu. Vijana wakamzunguka.

"Sauti ni yako?"

"Ni yangu."

"Maneno ni yako?"

"Ni yangu, lakini..."

"Lakini nini? Ulikula pamoja nao!"

Niambie wewe unayesoma: mtu anakataaje sauti yake mwenyewe? Vijana wakaingia kwa nyumba, wakakata nyuzi za litungu, wakamwachia mti mtupu. Siku hizi mtu akifa Bokoli, hawamwiti. Anapita na jembe, watu wanaangalia upande mwingine. Yeye aliyesema peke yake wakati sisi wote tulikuwa tumefyata mkia!

Na mimi? Nilipata lori. Pia nilipata mwajiri ambaye sikumtafuta. Kila mkutano lazima niende, na kila mkutano lazima nicheze ule wimbo. Walibandika picha ya mheshimiwa kwa mlango wa lori bila kuniuliza. PA ananiita "mtu wa familia". Nilijaribu kusema nina matanga mahali pengine, akacheka kwa upole, akaniuliza kama kibali changu bado ni kizuri.

Lakini matanga yenyewe hayapo. Watu wa Bungoma sasa wanaita kijana fulani wa Webuye mwenye spika zinazokwaruza kama paka. Wanasema heri kukwaruzwa. Juzi nilipita mazishi ya mzee ninayemjua, spika zangu zikiwa nyuma ya lori, kimya. Hakuna aliyenipungia.

Ule wimbo wa mgomba haukufa. Vijana wanauimba wenyewe, bila Simiyu, bila litungu, kwa makofi tu. Wakifika kwa jina langu wanatema mate chini, halafu wanaendelea. Nimesikia kwa masikio yangu.

Mke wangu aliniambia, "Si uende useme ukweli? Mdomo unao, spika unazo."

"Nikisema, lori linarudi kituoni. Na safari hii huenda nikalifuata huko."

"Na usiposema?"

Nilitoka nje nikajifanya naangalia matairi.

Basi siku moja nilijikaza nikaenda Bokoli. Nilijitayarisha kwa matusi. Nilikuwa nayatamani, kusema kweli. Simiyu alinifungulia mlango.

"Karibu, bwana. Kaa hapo." Akageuka kwa mkewe. "Mama, mletee mgeni chai."

Mgeni!

Nikamchokoza. "We mlevi wa busaa, umekufa ama bado?"

Akanijibu kwa heshima, kama anayeongea na chifu, "Niko salama, bwana. Watu wa nyumbani kwako hawajambo?"

Heri angenipiga na jembe. Bakoki wako akianza kukuheshimu, ujue amekuzika, tena bila mgomba.

Nikaanza kulia. Nikamwambia nimekosa, nikamwomba msamaha hapo hapo, chai ikipoa. Akaniacha nimalize. Halafu akauliza, "Yale maneno uliyasema wapi?"

"Kwa mkutano."

"Kwa spika?"

"Kwa spika."

"Sasa mbona unakuja kuyarudisha kwa kunong'ona?"

Nikaweka kikombe chini, nikainuka. Akanisindikiza mpaka barabarani, akanishukuru kwa kumtembelea. Alinishukuru, ndugu zangu!

Wimbo wa zamani bado ninao, ule mzima, wenye "ukishinda" yake. Nimeubeba kwa mikutano zaidi ya mara moja. Kidole kinakaa juu ya kitufe. Ni kubonyeza tu, na watu wote wasikie. Halafu naona askari wamesimama karibu na tairi la lori, namwona PA akitabasamu, na kidole kinahamia kwa kile kitufe kingine. Nguvu zangu zote za kubeba betri zimeenda wapi? Sijui.

Sasa niwaambie nyinyi mnaomiliki maiki, mnaorekodi, mnaokaa karibu na watu wanaoimba. Mtu akiwaambia wakubwa ukweli juu ya vita na juu ya watoto wetu, kama unaogopa, pakia spika zako uende nyumbani. Utaitwa mwoga, na mwoga hulala usingizi. Usijipachike kwa ushujaa ambao si wako, maana siku wakija kuuliza, utauza mwenye ushujaa ili ujitoe. Na nyinyi vijana mliokata zile nyuzi, kabla ya kumhukumu mtu kwa sauti yake, muulizeni aliyeshika mtambo.

PA amepiga simu leo asubuhi. Mkutano ni Jumamosi, Bungoma. Ameuliza kama lori limeoshwa, na nimesema ndiyo.

Kwa hivyo kama utakuwa hapo, ukisikia ile sauti tamu ikimwita mheshimiwa mlinzi wa watoto wetu, usipige makofi. Wimbo ni wa zamani, na mwenye sauti yuko Bokoli shambani. Mwambie jirani yako, naye amwambie wake, kwa nguvu, maana mimi nimeshindwa: Simiyu hakuimba.